Kibao kingali pale, mti uko wapi?

Kama ndio kwanza umetoka kanisani, au umeketi tu barazani ukingoja chai iive, vuta kiti tuzungumze. Leo nina neno na wewe mzazi uliye na mwana katika chuo kikuu, na hata wewe ambaye mwanao bado yumo shule ya msingi lakini kila usiku unamwombea afike huko.

Miaka mitano iliyopita, mwezi wa Desemba, nilialikwa kwenye mahafali ya mwana wa jirani yangu katika chuo kikuu kimoja humu nchini. Sitakitaja, maana sikwenda kula wali wa watu ili nije kuwaaibisha gazetini. Watu walikuwa wengi kama siafu. Kulikuwa na mahema meupe, bendi, na akina mama waliofunga vilemba vya kila rangi. Kabla ya hotuba, mgeni wa heshima aliongozwa hadi kwenye kipande cha bustani kando ya jengo la utawala ili apande mti. Shimo lilikuwa limekwisha chimbwa. Mche ulikuwa umekwisha tolewa kwenye mfuko wake. Beleshi lenyewe lilikuwa limefungwa utepe! Mgeni akatia udongo mara tatu, wapiga picha wakamwomba arudie, akarudia, kisha akanawa mikono kwa maji aliyomiminiwa na msichana mmoja aliyeshika birika. Maji yale, msomaji, yalimwagikia nyasi. Mche haukupata hata tone.

Septemba iliyofuata nilirudi pale pale kumsindikiza binti ya kaka yangu, ambaye alikuwa ameitwa kujiunga na chuo hicho. Alipokuwa kwenye foleni ya kujiandikisha nikajisemea, hebu nikauone ule mti. Kibao cha mawe chenye jina la mgeni, cheo chake na tarehe kilikuwapo, kinang'aa kana kwamba hupanguswa kila asubuhi. Nyuma yake palikuwa na kijiti kikavu. Upande wa kushoto kulikuwa na vibao vingine vinne vya miaka iliyotangulia, na mti mmoja tu uliokuwa hai. Vilikuwa vimejipanga kama makaburi.

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekesha. Hebu tazama kalenda pamoja nami. Mvua za vuli huanza Oktoba, na kufikia katikati ya Desemba sehemu nyingi za nchi yetu huwa zimekaribia kumaliza kunyeshewa. Januari na Februari ni jua la kupasua mawe. Mahafali mengi ni ya Desemba. Wanafunzi wamekwenda likizo, vibarua wamepunguzwa, mfereji wa bustani umefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo yuko kwao mashambani akichinja mbuzi. Mche wa wiki mbili utaishije? Mkulima yeyote asiyejua kusoma angewaambia wasomi hawa kwamba mti hupandwa mvua inapoingia, si inapoaga.

Sisemi haya kwa sababu nachukia upandaji miti. Serikali ilitangaza mnamo 2022 kwamba taifa lipande miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa siku nzima ya mapumziko ili kila mmoja akachimbe shimo. Ni jambo jema. Lakini ukitaka kujua kama mtu anapenda mazingira, usimtazame siku ya kupanda. Mtazame baada ya wageni kwenda zao.

Aliyelijua hili kuliko sisi sote alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Wengi humkumbuka Profesa Wangari Maathai kwa miti tu na kusahau kwamba kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha maumbile ya miili ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mwaka wa 1971 alipata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika Afrika Mashariki na Kati. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Ndio uliokuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Na je, miti ile saba? Mingi kati yake haikuishi. Naam, hata mikono ile iliyokuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 ilianza kwa miche iliyokauka.

Lakini tazama alivyofanya kazi baadaye na wanawake wa vijijini. Walilipwa senti chache kwa kila mche, na malipo hayakutolewa kwa mche uliopandwa, bali kwa mche ulioshika na kuishi. Mama aliyepanda mia na kulea kumi alilipwa kumi. Laiti vyuo vyetu vingeandika vibao kwa mtindo huo! Kibao kisimikwe mwaka wa tatu, na kama mti hakuna, jina la mheshimiwa libaki kabatini.

Profesa alifariki Septemba 2011. Aliacha amesema asizikwe katika jeneza la mbao, hivyo likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu-maji. Mabaki yake yako Kabete, katika taasisi ya chuo kikuu yenye jina lake inayofundisha amani na mazingira. Siku ukiwa na nafasi mpeleke mwanao akapaone.

Sasa nikupeleke Januari 1999, maana huenda wewe unayesoma haya ulikuwapo. Msitu wa Karura, ule ulio mlangoni mwa Nairobi, vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Tarehe 8 mwezi huo Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti wakashambuliwa na watu waliokodiwa. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi damu ikimchuruzika. Mwisho wa mwezi wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani kuutetea msitu huo. Walipambana na polisi wa kutuliza ghasia, na Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Kenyatta vikafungwa. Agosti mwaka huo huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ikabaki. Leo watu hukimbilia humo asubuhi na kupiga picha za harusi jioni.

Kaka yangu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wale. Alirudi nyumbani na mkoba mmoja na macho mekundu ya gesi ya kutoza machozi. Marehemu mama yetu alimgombeza wiki nzima: tulikupeleka usome au ukapigane kwa ajili ya miti? Yeye akajibu kwamba asiyepigania msitu leo, kesho atapigania maji. Tulimwona shujaa. Mkumbuke kaka yangu huyu, maana nitamrudia.

Binti yake, huyo niliyemsindikiza, alipewa kitanda katika bweni lililo upande wa nyuma wa chuo. Muhula wa kwanza haukwisha akanipigia simu. "Shangazi," akasema, "huku tunalala na moshi." Nyuma ya bweni kulikuwa na jaa. Taka zote za mabweni matatu na vibanda vya chakula zilimwagwa hapo, maganda ya viazi, chupa za plastiki, karatasi za mkate, pedi, betri za saa, kila kitu, na saa kumi na mbili jioni kibarua akatia moto. Msichana aliyelala kitanda cha juu yake alikuwa na pumu. Wiki mbili kabla ya mitihani alibebwa usiku hadi zahanati akihema kama samaki aliyetolewa majini. Kibarua hakuwa na kosa. Aliambiwa taka zisionekane asubuhi, na gari la kuzibeba lilikuja kwa msimu kama nzige.

Msomaji, moshi wa plastiki si kama moshi wa kuni, na hata wa kuni si rafiki wa mapafu. Plastiki ikiungua kwa moto hafifu wa jaani hutoa sumu, na aina nyingine hutoa ile iitwayo dayoksini, ambayo hukaa mwilini miaka mingi. Vumbi lake jembamba huingia ndani kabisa ya kifua. Mtu mzima atakohoa. Mwenye pumu anaweza kufa. Kwa hivyo watu wanaposema mambo ya mazingira chuoni ni mchezo wa vijana wenye muda mwingi, mimi hukumbuka yule msichana.

Basi binti akajiunga na chama cha wanafunzi cha mazingira. Alikuta wana fulana za kijani, wimbo na mwenyekiti, lakini hawana ufunguo wa hata bomba moja. Akawauliza, je, tunajua kuna nini katika lile jaa? Hakuna aliyejua. Wakaazima mizani kwa mama muuza viazi aliye nje ya lango, wakavaa glavu, wakapima taka za bweni moja kwa wiki nzima, ndoo kwa ndoo. Wenzao waliwaita "wachokoraa". Wiki ilipokwisha ikawa wazi kwamba zaidi ya nusu ya uzito ulikuwa maganda ya viazi na ndizi, majani ya sukuma wiki na mabaki ya ugali. Kitu ambacho ng'ombe angekula, au shimo lingekifanya mbolea, ndicho kilichokuwa kikilowesha jaa hadi moto ukakataa kuwaka vizuri na kutoa moshi mzito vile. Hali ni hiyo hiyo katika taka za miji yetu mingi. Yanayooza ndiyo mengi. Nairobi imekuwa ikiyabeba na mengineyo hadi Dandora tangu miaka ya sabini, na jaa hilo lilitangazwa kujaa mnamo 2001.

Kuna sheria pia, na ni vizuri uijue wewe mwenye nyumba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, faini ikiwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Kisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikaagiza taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, zinazooza kando na zisizooza kando. Sheria haikusema "isipokuwa vyuo vikuu". Wala haikusema "isipokuwa kwako nyumbani".

Wanafunzi wakapeleka karatasi yao ya vipimo kwa ofisi. Walijibiwa kwamba wazo lao ni zuri na litazingatiwa, maneno ambayo kwa Kiswahili cha maofisini maana yake ni kwamba nendeni mkasome. Aliyewaokoa hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa mzee wa bustani, yule aliyekuwa akiambiwa achimbe mashimo ya wageni wa heshima. Aliwaonyesha kipande cha ardhi nyuma ya karakana, akawafunza kutengeneza mboji: tabaka la majani makavu, tabaka la maganda, udongo kidogo na samadi, maji ya kutosha tu ili ukifinya konzi ya mboji mkono ulowe bila kudondosha. Katikati unachomeka fimbo ndefu. Baada ya siku chache unaichomoa na kuishika. Ikiwa moto, kazi inaendelea, ikiwa baridi, geuza fungu lako upya. Miezi mitatu hivi unapata udongo mweusi unaonukia mvua.

Usidhani mambo yalinyooka. Fungu la kwanza lilinuka hadi mhadhiri mmoja akaja amefunika pua, kwa sababu watu walitupa mabaki ya nyama humo. La pili lilikutwa na wembe ndani, mzee akakatwa kidole na kugoma wiki tatu. Likizo ya Desemba hapakuwa na mtu wa kuligeuza. Ndoo mbili za rangi tofauti walizoweka katika kila ghorofa ziliibwa, na moja ilionekana baadaye chumbani mwa kijana mmoja ikiwa na nguo zilizolowekwa. Ila ghorofa moja ilishika, kisha mbili. Mwaka wa tatu bweni zima likawa linatenganisha. Moto wa jioni ulipungua hadi siku za Jumamosi tu, ambazo bado unawashwa, na binti husema hilo kwa hasira. Mboji inauzwa kwa wenye bustani za maua mtaani, na pesa zinanunua glavu. Yule msichana wa pumu amefika mwaka wa nne.

Pesa, msomaji. Tusizionee haya. Jitihada nyingi za mazingira hufa kwa sababu zimeachiwa moyo wa kujitolea peke yake, na moyo huchoka. Ndiyo maana napenda kuwatajia watu mapaa ya Chuo Kikuu cha Strathmore, mtaani Madaraka. Mwaka wa 2014 chuo hicho kilifunika mapaa yake kwa paneli za umeme wa jua zenye uwezo wa kilowati 600. Fedha zilitokana na mkopo nafuu wa benki uliowezeshwa na shirika la maendeleo la Ufaransa. Nasema mkopo, si zawadi. Anayepewa zawadi huweka kibao, lakini anayekopa huweka hesabu, hupanda juu ya paa kupangusa vumbi, na huuliza kila mwezi umeme umetoka kiasi gani. Hata swali la siku kama ya leo, Jumapili, jua linawaka na madarasa ni matupu, walilifikiria, wakaafikiana na kampuni ya Kenya Power kuiuzia umeme wa ziada.

Si kila chuo kitaweza hayo. Lakini kila chuo kina jikoni. Taasisi nyingi zetu bado hupika kwa kuni, lori baada ya lori, na githeri ni chakula kisicho na haraka. Kabla hawajafikiria mitambo ya gesi ya samadi, kuna mambo ya bure ambayo bibi zetu waliyajua. Maharagwe yakilowekwa usiku huiva mapema. Kuni zikikaushwa mwezi mzima chini ya paa huwaka bila kulia. Sufuria ikifunikwa haipashi moto mawingu. Mpishi mkuu akielezwa kwamba kuni atakazookoa zitamletea nyongeza ya mshahara, nakuhakikishia ataloweka maharagwe bila kukumbushwa.

Sasa nimrudie kaka yangu. Pasaka iliyopita binti alikuja nyumbani akamkuta baba yake nyuma ya banda la kuku, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika kiberiti. Mbele yake palikuwa na rundo: karatasi za mkate, chupa za dawa ya ng'ombe, kiatu cha plastiki na maganda ya ndizi. Moshi ulikuwa umeelekea kwa jirani mwenye mtoto wa miezi miwili. Binti akasimama akamtazama, kisha akasema polepole, "Baba, si wewe uliyerudi na macho mekundu kwa ajili ya Karura?"

Nilikuwapo, nikichambua mboga. Sijawahi kumwona kaka akikosa jibu namna ile. Kwanza alikasirika, akauliza ni nani aliyelipa karo. Kisha akasema gari la taka la kaunti halifiki kijijini, jambo ambalo ni kweli. Binti akamjibu kwamba hakumwomba gari, alimwomba shimo. Kaka akaingia ndani na hatukumwona hadi chakula cha jioni. Asubuhi yake nilimkuta ameshika jembe.

Shimo lile lipo, na fimbo imechomekwa katikati. Chupa na viatu anaviweka katika gunia, na kila baada ya wiki chache anampa kijana mnunuzi wa vyuma na plastiki anayepita na mkokoteni. Chupa moja ya lita moja na nusu aliihifadhi. Aliitoboa kishimo kidogo kwenye kifuniko kwa sindano ya moto, akakata kitako chake, akaifukia ikiwa kichwa chini kando ya mparachichi mchanga. Ukiijaza maji asubuhi, yanadondoka pole pole kwenye mizizi mchana kutwa. Alifunzwa na bintiye, naye binti alifunzwa na mzee wa bustani. Mimi pia nimeifanya kwa mlimau wangu, nao umepita Februari bila kunyauka. Jaribu.

Binti atahitimu Desemba hii. Chama kimempa kijana wa mwaka wa kwanza kazi ya kugeuza mboji, na kwa kuwa kwao ni karibu na chuo, hatakwenda mbali likizoni. Mzee wa bustani anastaafu mwaka ujao na hakuna anayejua nani atachukua nafasi yake. Nilimuuliza binti kama kutakuwa na mgeni wa heshima wa kupanda mti. Akasema yupo, na kibao kimekwisha chongwa. Wameiandikia ofisi wakiomba upandaji ufanywe Oktoba mvua ikianza, au kama lazima uwe siku ya mahafali, basi mche uwekwe karibu na mfereji na yule kijana apewe ufunguo. Hawajajibiwa. Kaka yangu amenunua jerikeni ya lita 20. Anasema ataingia nayo langoni siku hiyo, akiwa na suti na tai, na askari wakimuuliza ya nini atawaambia ni zawadi ya mhitimu.